Shingo ya gita hupimwa saa saba usiku

Bendi yetu huanza kupiga saa tatu usiku. Saa ya kwanza si kazi: watu wako mezani wanasubiri nyama choma, na sisi tunapiga taratibu kuupasha ukumbi joto. Saa tano pamejaa. Saa sita zinaingia zile nyimbo ndefu, ambapo mwimbaji akishamaliza beti zake magita yanaachiwa uwanja, yanachemka dakika nane, dakika kumi, mpaka wachezaji wenyewe waombe poo. Na ikifika saa saba, kwa muda wa karibu miaka mitatu, gumba langu la kushoto lilikuwa linagoma.

Kuchoka nakujua, na huku hakukuwa kuchoka. Ule mnofu wa chini ya gumba ulikuwa unajikunja na kuwa mgumu kama kokwa ya embe. Gumba linavutwa kuelekea kiganjani, na nikijaribu kulinyoosha maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Kati ya wimbo na wimbo nilikuwa nakumbatia chupa ya maji baridi kwa mkono huo, nikiomba mwimbaji azungumze na mashabiki kidogo zaidi. Mimi napiga ridhimu, gita linaloshikilia mapigo chini ya solo. Mpiga solo akizidiwa anaweza kuacha pengo, na pengo lenyewe likapendeza. Ridhimu ikinyamaza hata kwa mapigo manne, kila aliye uwanjani anajua kuna kitu kimekatika.

Nilidhani tatizo ni mimi. Nikafanya mazoezi ya vidole, nikabadili nyuzi kutoka namba 10 kwenda namba 9 ili ziwe laini, nikashusha mkanda, nikaupandisha tena, nikapaka dawa ya misuli. Gita lenyewe sikulishuku hata siku moja, kwa sababu lilikuwa na shingo nyembamba, na shingo nyembamba ndiyo niliyoambiwa dukani kwamba haichoshi. "Hii mkono wako utateleza tu, kaka," aliniambia muuzaji pale Kariakoo. Na kweli, nilipoijaribu kwa dakika kumi, nimekaa kwenye stuli, feni inanipepea, mkono uliteleza.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyepiga gita kwenye bendi za dansi tangu miaka ya sabini. Siku hizi amestaafu, lakini haipiti wiki mbili bila kuja kutusikiliza mchana wa mazoezi. Siku hiyo alinikuta pembeni nasugua kiganja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huo mkono una nini?"

Nikamweleza. Hakuuliza habari za nyuzi wala mkanda. Alilishika gumba langu, akalibonyeza pale penye mnofu, nikaruka.

"Kwenu mnalima?"

"Tunalima, mzee. Muheza."

"Mpini wa jembe la mama yako una unene gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole.

"Ungekuwa mwembamba kama fimbo ya mchunga mbuzi, mama angelima mpaka saa ngapi?"

Akalichukua gita langu, akaishika shingo yake, akatikisa kichwa. "Kitu chembamba mkono unakifinya. Kitu kinene mkono unakilalia. Wewe usiku kucha unafinya."

Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Shika kalamu kwa gumba na vidole vinne, kama unabana kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), kaza kwa hesabu ya thelathini. Kisha shika mpini wa ufagio namna hiyohiyo. Kwenye kalamu kazi yote inakwenda kwenye ncha ya gumba na ule mnofu wake. Kiganja hakina habari, kimebaki hewani. Kwenye ufagio mpini unajaza ile nafasi kati ya gumba na kidole cha shahada, unalala kwenye kiganja, na nguvu inagawanyika mkono mzima. Shingo ya gita inafuata kanuni hiyohiyo, ila wewe unaishika kwa saa tano, huku vidole vikibadilisha mahali kila sekunde.

Kesho yake nikaenda kwa jirani yangu fundi gereji, nikaazima venia kalipa, kile chuma cha kupimia unene. Shingo ya gita langu, kutoka uso wa ubao mpaka mgongoni, ilikuwa milimita 18 na nusu kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatisha ubao) na milimita 20 kwenye freti ya 12. Nikaiandika kwenye simu. Nilipokwenda nyumbani Muheza wakati wa sikukuu nikapima galatoni la mjomba, lile nililojifunzia nikiwa na miaka 12. Gallotone yalikuwa magita ya Afrika Kusini, na huku kwetu jina likaganda kwa kila gita kavu, hata lisilo na uhusiano na kampuni hiyo. La mjomba lilipimwa milimita 24 kwenye freti ya kwanza. Halina chuma cha kunyooshea ndani ya shingo, kwa hiyo aliyelitengeneza aliacha mbao za kutosha ili lisipinde. Nililipiga nikiwa mtoto wa vidole vifupi, mchana kutwa chini ya mwembe, na sikumbuki hata mara moja gumba kuniuma.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba mkono mdogo unataka shingo nyembamba. Mkono mdogo unaweza kutaka shingo finyu, yaani upana mdogo pale kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hupita kabla ya kufika kichwani. Upana na unene ni vitu viwili, na madukani huchanganywa kila siku. Gita la klasiki lina upana wa kama milimita 52 kwenye nati. Kwa magita ya kampuni mbili kubwa za Marekani, Fender za zamani zina 41 na kitu, Gibson nyingi zina 43. Hizo milimita mbili kati ya Fender na Gibson unazihisi mara tu unapobana kodi. Ukizipunguza sana vidole vinagusa nyuzi za jirani na sauti inakufa. Lakini hazisemi lolote kuhusu kilichoko mgongoni, na mgongoni ndiko gumba linakokaa.

Huo mgongo una maumbo yake. Ikate shingo kwa mawazo kama unavyokata muwa, kisha utazame mkato. Ukiwa na mviringo wa kawaida, wanaita C. Mgongo ukiwa bapa kidogo na mabega yamejaa, ni D. Mabega yakiwa ya juu na mbao zimeshuka sana kuelekea kiganjani, ni U. Na kama mabega yamekatwa na katikati pamebaki ukingo, kama mkuku wa jahazi, hiyo ni V. Magita ya kwanza ya Leo Fender kule Fullerton, California, yaliyotoka mwaka 1950 na baadaye kujulikana kwa jina la Telecaster, yalikuwa na shingo nene za mepo, kipande kimoja cha mti. Kwanza aliamini mepo ni ngumu kiasi cha kutohitaji chuma ndani. Baada ya muda mfupi akaanza kukiweka, akikiingiza kwa nyuma na kuziba mfereji kwa ubao mweusi wa wolnati. Ule mstari mweusi unaouona mgongoni mwa shingo za Fender ndio huo. Katikati ya miaka ya hamsini likaja umbo la V, na kufikia 1960 shingo zikawa zimepungua. Gibson nao walipita njia hiyohiyo kwa gita lao la Les Paul: Les Paul ya 1958 imejaa mkono, ya 1959 imepunguzwa kidogo, ya 1960 ni nyembamba kabisa ukilinganisha. Kisha mwaka 1987 Ibanez, kampuni ya Kijapani, wakatoa magita ya RG, yenye shingo waliyoiita Wizard, milimita 17 kwenye freti ya kwanza na 20 kwenye ya 12, kwa ajili ya wapigaji wa roki wanaokimbiza vidole kama cherehani.

Kitu kimoja kinachowapoteza wengi: kwenye shingo za Fender za miaka ya sitini kuna herufi A, B, C au D iliyogongwa kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na kiwiliwili. Watu huisoma wakadhani ni umbo la mgongo. Ile ni alama ya upana kwenye nati. B ni inchi 1 na 5/8, ndiyo iliyokuwa ya kawaida. A ni finyu zaidi, C na D ni pana zaidi. Nimeshaona watu wakibishana mpaka kununiana, kumbe mmoja anazungumzia upana na mwingine anazungumzia mviringo.

Maumbo haya hayana la juu wala la chini mpaka ujue gumba la mwenye gita linakaa wapi. Kuna wanaolisimamisha gumba katikati ya mgongo, kifundo cha mkono kimeshuka, vidole vimepinda kama miguu ya kaa. Na kuna wanaolipandisha gumba mpaka linachungulia upande wa pili, juu ya uzi mnene, kama anayeshika shingo ya kuku. Waliofundishwa na walimu huelekezwa lile la kwanza. Sisi tuliojifunzia barazani, kwa kumtazama mjomba, tunapiga lile la pili. Gumba linalochungulia linataka kitu cha kulalia pale kwenye pembe kati yake na kidole cha shahada, na hapo ndipo V na U zinapokuwa tamu: ule ukingo wa V unaingia kwenye pembe ya mkono kama jahazi linavyokaa mchangani maji yakikupwa. Gita lenye jina la Eric Clapton, mpigaji wa Uingereza, ambalo Fender walilitoa mwaka 1988, lina shingo ya V iliyolainishwa, naye ni mmoja wa hao wanaopandisha gumba.

Mimi nilichagua U. Shemeji yangu alikuwa anarudi kutoka Uingereza, akaniletea shingo tupu ya mepo, nene, ya mtindo wa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ameizungushia taulo katikati ya sanduku la nguo. Gita langu la zamani lisingeikubali, kisigino chake kina vipimo vingine. Lakini nilikuwa na kiwiliwili cha mtindo wa Telecaster kilichokaa stoo miaka, shingo yake ya awali ilipindishwa na joto la buti ya gari. Raha ya magita ya aina hii ni kwamba shingo imeshikwa na skrubu nne tu. Nikasugua skrubu kwenye mche wa sabuni ili ziingie bila kupasua mti, nikakaza kwa kupishana kama unavyokaza nati za gurudumu, nikaweka nyuzi namba 10. Kalipa ikasoma 23 kwenye freti ya kwanza, 25 na nusu kwenye ya 12. Wamarekani shingo kama hii huilinganisha na rungu la besiboli. Mikononi mwangu ilikuwa mchi wa kinu, na niliipenda kabla sijapiga hata noti.

Wiki mbili za kwanza hazikuwa nyepesi. Kidole changu cha mwisho kilikuwa kimezoea kufika mbali, sasa kikawa kinabaki nyuma kwa upana wa ukucha. Kuna mitindo miwili mitatu ya kutanua vidole juu ya freti tano ambayo nimeiacha kabisa, na sijairudia. Hicho ni kitu nilichopoteza. Lakini Jumamosi ya kwanza niliyopanda nayo jukwaani, ilipofika saa saba niliusubiri ule mkunjo kama mtu anavyosubiri mgeni aliyezoea kuja bila hodi. Haukuja. Saa saba na nusu haukuja. Tukamaliza saa nane, nikafungua na kufunga kiganja mara kadhaa nikiwa nazungusha waya, mkono umechoka mchoko wa kawaida, ule wa mtu aliyefanya kazi.

Kulikuwa na tatizo moja lililobaki, nalo ni jasho. Shingo ilikuja na vanishi ya kung'aa kama kioo. Dar es Salaam mwezi wa pili, ukumbi hauna kiyoyozi, taa zinakuchoma usoni: mkono uliolowa kwenye vanishi ya namna hiyo haupandi wala haushuki, unanata kama umeshika gundi. Kila ukitoka freti ya tatu kwenda ya kumi unasikia ngozi inabanduka. Basi siku moja asubuhi nikatoa nyuzi, nikaziba ubao wa freti kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nikakaa uani na msasa namba 400. Nilisugua mgongo tu, kwa mwendo mrefu kutoka kisigino mpaka karibu na kichwa, bila kukandamiza, nikifuta vumbi jeupe kwa kitambaa kikavu. Ule mng'ao ukaanza kufifia kwa mabaka, kisha wote ukawa kama ukungu. Nikamalizia na namba 600, halafu 1000. Sikuifikia mbao, vanishi imebaki inailinda dhidi ya unyevu, ila sasa ina mguso wa ganda la yai. Kazi ya saa moja. Kama una gita linalonata na hutaki kununua lingine, anza na hili kabla ya kitu kingine chochote.

Unyevu nimeutaja, na hapa shingo nene ina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hupanda haraka kuliko unene wenyewe: ukiongeza unene kwa robo, ugumu unakaribia mara mbili. Gita langu jembamba lilikuwa linataka kurekebishwa chuma chake kila masika ikiingia na kila ikitoka, nyuzi zinapaa juu ya freti kisha zinashuka na kuanza kuzomea. Hili la sasa nimeligusa mara moja tu tangu nilifunge.

Kuhusu uso wa shingo sina maneno mengi. Ubao wa freti si bapa, umeviringika kidogo kukatisha upana wake, na kadiri mviringo unavyozidi ndivyo kulaza kidole juu ya nyuzi zote sita kunavyokuwa kwepesi. Fender za zamani zina mviringo wa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 184, Gibson 305, ambayo ni bapa zaidi. Wapigaji wa roki huulalamikia ule wa 184 kwa kuwa ukiuvuta uzi mwembamba sana kwenda juu, unagonga freti za mbele na sauti inakatika. Sisi wa dansi uzi hatuuvuti hivyo. Solo yetu ni kukimbiza nyuzi mbili kwa pamoja juu kwenye freti ya saba mpaka ya 15, sauti safi isiyo na mikwaruzo, na ridhimu chini yake inasuka. Kwa kazi hiyo ubao ulioviringika ni rafiki.

Na urefu wa nyuzi usiusahau. Fender ni milimita 648 kutoka nati mpaka darajani, pale nyuzi zinapoegemea kwenye kiwiliwili, Gibson ni kama 628. Ukipima mpaka freti ya tano tofauti ni milimita tano tu, lakini mwenye vidole vifupi anayepiga kodi za chini usiku kucha ataiona. Nyuzi zilezile kwenye urefu mfupi huwa laini zaidi pia. Mtu akiniambia mkono wake ni mdogo, ushauri wangu wa kwanza ni ajaribu urefu mfupi na aache unene wa shingo kama ulivyo.

Nikijaribu gita sasa sikai kwenye stuli. Nasimama, navaa mkanda kwa urefu ninaopigia jukwaani, nabana kodi ya F na kuipiga mfululizo bila kuachia kwa dakika tano nzima, nikitazama saa. Muuzaji huona ninamchosha. Dakika ya tatu gumba linaanza kusema ukweli wake. Kama limesimama wima na kukaza, nalirudisha gita ukutani hata kama rangi yake imenitoa roho.

Lile gita jembamba lilining'inia ukutani kwangu miezi saba. Kijana wetu wa solo ya pili, ambaye alijifunza kwa video na roki ndiyo iliyomlea, aliomba siku moja ajaribu hili langu nene kwa nyimbo tatu. Alinirudishia akiwa anatikisa vidole. "Kaka, hili linanifungua mkono mpaka sifiki popote," aliniambia. Nikamtazama anavyopiga, kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa makini ingawa tumesimama jukwaa moja mwaka mzima. Gumba lake linasimama katikati ya mgongo, linagusa tu, halibani. Nguvu anaitoa kwenye mkono wa juu, anaivuta shingo kidogo kuelekea kwake, na vidole vinatua. Kwa mkono wa namna hiyo mbao nyingi ni mzigo.

Nikampa lile jembamba. Hakuamini, akaniuliza mara mbili kama namkopesha. Aliondoka nalo kwenye bodaboda usiku uleule, limo kwenye mfuko wake, shingo imechungulia juu ya bega la kushoto.

Jumamosi iliyopita, saa saba na dakika kumi, tulikuwa tumeelekeana kwenye wimbo ambao hutuchukua karibu robo saa. Yeye juu kabisa, karibu na freti ya 17, vidole vinapita kama mvua ya manyunyu kwenye bati. Mimi chini, freti ya tatu na ya tano, gumba limelala juu ya uzi mnene. Mpiga ngoma akatutazama wote wawili kuuliza kama tumalize. Tukamwashiria aendelee.